Laini ya Saa Tisa: Maelezo ya Mbusa Jeannot Kuhusu Mkutano wa Simu

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha polisi, Barabara ya Matofali, Lubumbashi
Tarehe: Ijumaa, 4 Aprili 2025, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: OPJ Mukuka, ofisa wa upelelezi
Jina la shahidi: Mbusa Jeannot
Umri: miaka 43
Kazi: mpakiaji wa mizigo, depo ya saruji na maharage
Makazi: Kasungami. Kwao ni Kirumba, Kivu ya Kaskazini
Masomo: darasa la sita
Kuhusu: Ézéchiel, karani wa depo hiyo, anayeshikiliwa tangu tarehe 30 Machi kwa kuongoza mikutano ya siri kwa simu

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeambiwa niseme ninachokijua tu.

Nilifika Lubumbashi mwaka 2021 kutafuta kazi. Mke wangu, Kavugho Dorcelle, nilimwacha Kirumba na watoto wetu wawili. Benita sasa ana miaka kumi na mmoja. Fils alikuwa bado hajasimama. Nilisema nitawaita baada ya mwaka mmoja. Imekuwa minne. Fils ananijua kwa sauti peke yake.

Mwezi wa sita mwaka jana vita ilifika Kirumba. Dorcelle na watoto walikimbilia Lubero. Wengine wetu, mama zao walikimbilia Butembo, wengine Goma. Hapa Lubumbashi tulikuwa watu tisa wa depo na soko, na kila mtu alikuwa anapiga simu kivyake, anamaliza yunite, anapata habari nusu. Mwezi wa tisa Ézéchiel alituita baada ya kazi. Alikuwa amepata huduma ya bure ambayo watu hata hamsini wanaongea pamoja. Hulipi kitu ila mega za intaneti. Unaweka kode ya tarakimu sita na unaingia. Kiongozi alikuwa yeye, kwa sababu ndiye anayejua kuandika vizuri. Tulikubaliana iwe kila Jumapili, saa tisa, baada ya kanisa.

OPJ amenionyesha karatasi iliyochukuliwa chumbani kwa Ézéchiel. Juu imeandikwa "Namna ya kukaa kwenye laini". Ameniuliza kama ni amri za kiaskari. Hapana. Naweza kuzieleza zote.

"Zima mdomo" maana yake ubonyeze ile alama ya maikrofoni wakati husemi. Jumapili ya kwanza hatukusikiana. Tulisikia majogoo wa Butembo, redio ya Goma, na baba mmoja aliyekuwa anakoroma. Ézéchiel aliita mara tatu, "Baba unayelala, amka au zima!" Baba yule hakuamka.

"Simu mbili zisikae chumba kimoja" ni kwa sababu zikikaribiana zinapiga kelele kama chuma kinachokatwa. Ndiyo maana sisi wa Lubumbashi tulitumia simu moja tu, ya Ézéchiel. Tuliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kwa nguvu, na tulikaa tumeizunguka kama watu wanaongoja ugali.

"Jitaje: jina, kijiji, mama wa nani." OPJ alifikiri ni neno la siri. Kwetu mtoto anapata jina kufuatana na nafasi aliyozaliwa. Kwenye laini tulikuwa na akina Kavugho sita. Mtu akisema tu "Ni Kavugho", wanaume sita wanaruka.

"Kode ikae kichwani" ni kwa ajili ya barieri. Huko barabarani wanapekua simu na mifuko, na karatasi yenye namba inaweza kumletea mama shida. Kode watu walijifunza kwa kuiimba kama watoto wa shule. Namba za simu hawakuzijifunza. Mimi mwenyewe namba ya mke wangu siijui kichwani mpaka leo. Yeye yangu aliiweka ndani ya simu kwa jina la "Baba Benita", ikaishia humo.

Kuna neno lingine pale: "Laini inafunguliwa saa tisa kamili." Hilo niliomba mimi. Mnamo Jumapili ya tarehe 5 Januari mtu tusiyemjua aliingia kabla ya kiongozi, akawauzia wamama dawa ya kupunguza tumbo. Wamama wenyewe walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Nilikasirika. Nilisema laini ifungwe, kila anayekuja mapema asikie muziki tu mpaka Ézéchiel afungue. Wote walikubali. Ule muziki ni piano, unarudi palepale kila nusu dakika.

Maneno ya chini kabisa, "Kinshasa saa nane ya kwao", ni ya ndugu yetu Kakule anayeishi huko. Jumapili mbili aliingia sisi tukifunga sala. Tulimcheka. Nilimwambia, "Kakule, huko Kinshasa mnakula mchana mpaka jua linazama?" Akajibu, "Muniache, kwangu ni saa tisa kamili! Saa ya huku iko nyuma ya yenu." Ndipo Ézéchiel akaandika. Butembo, Goma, Lubero na Lubumbashi saa ni moja, kwa hiyo hatukufikiria zaidi.

Nataka na hili liandikwe. Tarehe 26 Januari Dorcelle aliingia akiwa amechelewa dakika arobaini. Alikuwa ametafuta mahali pa kuchaji simu. Nilimgombeza mbele ya watu wote. Nilisema, "Mama Benita, saa tisa ni saa tisa. Unawangojesha watu wazima."

Alisema, "Unisamehe, Baba Benita. Haitarudi."

Tarehe 2 Februari aliingia saa tisa kamili. Tarehe 9 Februari pia saa tisa kamili. Siku hiyo alisema watu wanatoka Lubero, kwamba na yeye kesho atatoka na watoto, na hajui kama ni Butembo au mbele zaidi. Nilimuuliza kama Fils ana viatu. Alisema kimoja. Kisha akasema, "Nikifika penye intaneti nitaingia. Saa tisa."

Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake. Simu yake haipatikani. Mama mmoja wa Butembo alisema kwenye laini kwamba alimwona njiani bila simu, ameibiwa, lakini watoto walikuwa wawili. Hayo nimeyashika.

Jumapili zilizofuata, tarehe 16 na 23 Februari, tarehe 2, 9, 16, 23 na 30 Machi, nilitoka Kasungami kwa mguu kila mara na kufika kwa Ézéchiel, mtaa wa Hewa Bora, saa nane na nusu. Nilikaa karibu na sufuria. Kila mtu akiingia kunalia kengele ndogo. Nilijifunza kusikia pumzi kabla ya jina. Hakuwa yeye.

Mnamo tarehe 30 Machi, saa tisa na dakika ishirini na tano, polisi waliingia. Wakati huo mtu wa Butembo alikuwa anasema: "Barabara imefungwa. Mia mbili wamevuka. Wengine wako msituni." Alikuwa anasema habari za wakimbizi. Jirani yetu André, mzee wa familia ya wafanyakazi wa reli, alikuwa nyuma ya ukuta na ndiye aliyewaita. Simlaumu. Sufuria ilikuwa inapiga sauti mpaka kwake. Aliwaambia polisi mbele yetu:

"Minasikia bantu makumi mbili mu nyumba ya bantu tisa! Banahesabu bale banavuka, banaita na majina. Sasa mi nifikiri nini?"

Ézéchiel alimjibu, "Papa André, ungegonga tu mlango, tungekupa kiti."

"Kiti ya kufanya nini? Mi siko na muntu kule."

Walimchukua Ézéchiel na simu yake. Sisi tuliandikwa majina.

Leo, nikiwa nimekwisha kueleza karatasi, OPJ Mukuka alifungua simu iliyokamatwa na kunionyesha orodha ambayo huduma yenyewe inaiweka: namba ya simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Sisi hatukujua kwamba orodha ipo. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja akaniuliza:

"Bote banaingia saa tisa. Ule mumoja anaingia saa nzima mbele yenu, peke yake, kila Jumapili ine za mwisho. Namba ya Uganda. Ule njo nani? Munaongea naye nini mbele ya bengine kuingia?"

Nilisema simjui, na laini saa hiyo imefungwa, hawezi kuongea na mtu. Nilimwomba anisomee. Amesoma, na ninayarudia kama alivyosoma.

Tarehe 9 Machi, ameingia saa saba na dakika hamsini na tisa, ametoka saa nane na dakika ishirini na moja. Tarehe 16 Machi, ameingia saa nane kamili, ametoka saa nane na ishirini. Tarehe 23, saa nane kamili. Tarehe 30, saa nane kamili, ametoka saa nane na ishirini na tano.

Nilimwuliza OPJ: huko Uganda, wakati hapa ni saa nane, kwao ni saa ngapi? Aliangalia kwenye simu yake. Alisema, "Ni saa tisa."

Niliomba kukaa. Niliruhusiwa.

Sina uhakika, na sitaki iandikwe kwamba nina uhakika. Huenda ni mtu mwingine. Lakini mimi namjua mmoja tu aliyeambiwa mbele ya watu kwamba saa tisa ni saa tisa. Tarehe 30 huyo mtu alikaa na muziki mpaka saa nane na dakika ishirini na tano. Dakika tano baadaye nilikuwa nimefika mlangoni kwa Ézéchiel, na laini ilikuwa imefungwa kwa ombi langu.

OPJ alipiga namba hiyo mara tatu mbele yangu. Imezimwa. Nadhani ni simu ya kuazima, inawashwa Jumapili.

Mimi sijui siasa. Ézéchiel hajafanya mkutano wa siri. Amewafundisha watu kuzima mdomo na kutaja majina. Lakini namba ya kufungulia laini anayo yeye peke yake, na yuko ndani, na simu yake iko kwenye droo hii. Keshokutwa ni Jumapili. Naomba Ézéchiel aruhusiwe kuifungua, hapahapa, mbele ya askari wowote mnaotaka. Naomba aifungue saa nane, si saa tisa. Baada ya hapo mkitaka kunifunga na mimi, nitakuwa hapa.

Nimesomewa yote haya polepole nami nimeyakubali. Ndiyo niliyonayo, na sikuongeza.

(sahihi) Mbusa Jeannot

Maandishi ya ofisa:

Shahidi alitoa maelezo akiwa na akili timamu, bila kulazimishwa. Yalimalizika saa sita na nusu mchana.

Nyongeza, Jumapili, 6 Aprili 2025. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, mtuhumiwa Ézéchiel alitolewa na kufungua laini mbele yangu saa saba na dakika hamsini na tano. Shahidi alikuwepo tangu saa moja asubuhi. Jirani André alikuja pia, kwa hiari, akakaa kwenye benchi. Saa nane kamili namba ya Uganda iliingia. Nilimwagiza mtuhumiwa afuate kanuni zake kama kawaida. Alimwomba aliyeingia ajitaje. Sauti ya mwanamke ilitaja jina, kijiji, na mama wa nani. Vililingana na maelezo ya shahidi. Kisha mwanamke huyo aliomba radhi, akauliza kama amechelewa.

Yaliyosemwa baada ya hapo sikuyaandika. Hayahusu upelelezi huu.

(sahihi) OPJ Mukuka