Usimuulize Mama Yako Amekula Nini

Mjukuu wangu Koku,

Huku Muleba hatujambo, na babu yako hatishiki na kitu. Huo ni uongo: mama yako akikohoa tu mezani, natetemeka.

Umeuliza kama anakula vizuri tangu apasuliwe kupunguza tumbo. Anakula vijiko vichache vya ebitoke, ndizi zetu, zilizopondwa, anatosheka, kama daktari alivyoagiza. Wageni ndio wanaonitoa jasho. "Ongeza ebitoke, mama, utakwisha!" Juzi aliongeza kwa aibu, akatapika. Sasa anajificha jikoni kula.

Ujanani niliwahi kuugua, chakula kikawa hakipiti. Tulikuwa tunakula wote juu ya jani moja la mgomba. Shangazi yangu alikaa ubavuni mwangu, akamega vipande vidogo kama vyangu, nikiacha anaacha. Hakuna aliyejua nani kala kidogo.

Basi jana nilimfuata mama yako jikoni na kijiko kidogo cha chai, nikachota kidogo kama yeye.

"Tata, na tumbo lako hilo?" binti yangu aliniuliza.

"Natafuta mchumba, lazima kiuno kionekane."

Alicheka, akala taratibu. Bado naogopa.

Nilikufundisha baiskeli, hujanilipa. Mpigie mama yako mchana anapokula, mzungumze chochote, ila chakula usikitaje.