Askari Aliyegeuka Farasi

Jumatano, 4 Desemba 2024
Baba amekubali niende Ruangwa Jumamosi kwenye mashindano ya chesi. Mara moja tu. Nikishindwa, chesi basi — Jumatatu naenda kwa shangazi, kule Mnero, kujifunza cherehani. Atakayeshinda anakwenda Dodoma na timu ya mkoa. Nikamuuliza, na nikishinda? Akasema tutaona. Hiyo "tutaona" ya Baba naijua.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimepangwa na Hemedy wa Nachingwea. Na nimepewa nyeusi! Yeye ndiye anaanza. Mwalimu Augustino, anayetufundisha chesi shuleni, amesema nijilinde tu, nisitoe kete bure.

Lakini nimewahi kumwona Hemedy akicheza drafti kijiweni kwa bodaboda. Bingwa. Na kwenye drafti ukipewa lazima ule, hata kama mtego unauona. Mkono wake umezoea. Kwenye chesi si lazima — sijui kama mkono unalijua hilo.

Nitampa askari, kete ndogo ya mbele, mapema kabisa. Gambiti, yaani kutoa kete ili upate nafasi. Asipokula, sina mpango mwingine.

Jumamosi, 7 Desemba
Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Hatua ya pili nikampa askari. Akala. Akasema mdogo wangu leo umekuja kunilisha. Baadaye nikamwachia askofu. Akala! Nikaikalia mikono yangu. Askari wangu mmoja akapenya hadi mstari wa mwisho. Wote wakangoja nichukue malkia. Nikachukua farasi, maana pale farasi anamtishia mfalme wake papo hapo, malkia asingemfikia.

Hemedy akasimama, akabisha. Kwenye drafti ukifika mwisho unapata kingi, farasi katoka wapi? Watu wakacheka. Mwamuzi akaniangalia mimi. Mimi, ambaye miaka minne darasani sikunyoosha mkono.

"Askari akifika mwisho, mwenyewe nachagua," nikasema. "Nimechagua farasi."

Mwamuzi akaitikia kwa kichwa. Hatua tisa baadaye Hemedy akamlaza mfalme wake, kukubali kushindwa, akanipa mkono. Wa baridi kama wangu.

Jumapili, 8 Desemba
Baba hajauliza kitu. Nimempa fomu ya ruhusa ya Dodoma; Mwalimu anataka jibu kesho asubuhi.

Baada ya Alasiri Baba ametoa ubao wake wa drafti na vizibo vya soda. Hajawahi kucheza na mimi. Halafu amesogeza kizibo chake mbele ya changu, bure kabisa. Nikila, anakula vitatu. Nimeona.

"Kula," amesema. "Huku ni lazima."

Nimesema naenda kuangalia chai. Naandikia hapa jikoni. Namwona bado ameinamia ubao. Chini ya ubao imechomoza ile fomu ya ruhusa, haijasainiwa. Kalamu kaichomeka sikioni.

Ananiita. Naenda kula kizibo chake, nione kama kalamu itashuka.