Kofia za Bati

Gitega, Yoba

Kwako mdogo wangu Eliud,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo hapo Mwakiro? Kifua cha shemeji Emiliana kimepoa? Watoto wanakula? Mi mzima, mgongo tu ndiyo unasumbua. Tangu nifiwe na Christina napika mwenyewe, na ugali wangu mpaka leo una madonge.

Uliuliza mbona kimya. Nimechoka, ndugu yangu. Kazi imekwisha. Bora usikie kwangu kuliko kwa watu.

Unajua hapa kiwanda cha kahawa mashine za kukaushia zina vidude vya kupima joto. Kila kimoja kilikuwa na waya wake, unapita chini ya ardhi mpaka ofisini. Huko wanaangalia kwenye kioo kama kahawa inaungua. Panya wakila waya, tunachimba. Mvua ikijaza mtaro, tunachimba. Mitaro hiyo ndiyo imenilisha tangu turudi kutoka Tanzania.

Mwaka huu akaja fundi, kijana wa Buyenzi, anaitwa Houssein. Akasema nyaya basi. Juu ya kila mashine, kule kwenye paa, akafunga kaboksi kenye antena. Kanatuma habari ya joto hewani, kama redio. Sisi tukaambiwa tung'oe nyaya za zamani. Mwenzangu Waziri akasema tunajichimbia kaburi na hata dua hatujasomewa. Tukacheka. Lakini ni kweli.

Mvua ikaanza. Houssein alikuwa amekwenda Bujumbura. Nikaona vile viboksi vya bei vinalowa, roho ikaniuma. Nikakata bati, nikavivika kofia vyote, mbele na pembeni, vile baba alivyokuwa anafunika mizinga ya nyuki. Hakunituma mtu.

Kioo cha ofisini kikanyamaza. Houssein akarudi, akashinda ofisini anafungua mashine yake na kuifunga, haoni ugonjwa. Shefu, mkubwa wa kiwanda, akakasirika. Akasema isipoongea kabla ya Jumapili, fundi aende zake na nyaya zirudi ardhini. Wenzangu wakafurahi. Waziri akaanza kunoa jembe, anaimba. Hata mi nilifurahi, sikufichi.

Nikapanda juu kuangalia kama maji hayaingii. Nikatoa kofia moja. Nikasikia huko chini wanapiga kelele kwamba mashine moja imeongea. Nikairudisha. Wakanyamaza. Eliud, kumbe bati langu ndilo lililoziba habari isipite hewani. Hakuna aliyejua ila mi. Ningeshuka bila kusema kitu, tungechimba mpaka uzee.

Sasa hili hapa hata Waziri hajalisikia kwa kinywa changu. Yeye anadhani Houssein aliziona kofia mwenyewe, mi nikakamatwa. Hapana. Nilizitoa zote kwa mkono wangu, nikaenda ofisini, nikasema ni mi. Yule kijana angefukuzwa kwa sababu ya bati langu. Sikuweza. Shefu hakunigombeza. Akashukuru, halafu akasema kazi ya mitaro haipo tena, tuondoke wote. Houssein alinishika mkono.

Waziri ananiita Bwana Bati. Akijua yote hatanisalimia tena. Ana haki.

Kwa hiyo nakuomba. Tuliporudi nilikuachia sehemu yangu ya shamba. Nilisema mi mtu wa kiwanda, lima wewe. Neno langu nalikumbuka, na walikuwepo watu. Sidai. Naomba ile ya juu tu, yenye mawe, uliyosema inakuvunjia majembe. Kama haiwezekani, niambie wazi, nitatafuta vibarua Gishubi. Usimtume mtu kunizungusha.

Msalimie sana shemeji na watoto wote. Mama Anisia jirani mwambie bado niko hai. Mungu awalinde na baridi ya huko.

Maharage uliyopanda hapo juu, yavune kwanza. Ni jasho lako. Nitangoja.

Ni mimi kaka yako,
Simoni