Sala ya Dirishani, Uwanja wa Ndege wa Nupahu

KITUO CHA POLISI, GOROKA
Maelezo ya shahidi, yaliyochukuliwa tarehe 16 Agosti 2019, saa nne asubuhi

Jina: Sogave Orake. Umri: miaka 47. Kazi: wakala wa uwanja wa ndege. Makazi: Nupahu.

Mnamo tarehe 14 Agosti, saa moja na nusu asubuhi, ndege ndogo ya injini moja ilitua kwetu kumchukua mke wangu, Rosina, impeleke hospitali. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake na mtoto hatoki. Rubani alikuwa Kapteni Guyoni, ambaye nimefanya naye kazi miaka sita. Nilipompima kwenye mizani alinitania, "Mzee, hizo kilo mbili zilizozidi ni viazi alivyonilisha shemeji Rosina. Usiniandikie mimi."

Nupahu ndege hairuki bila sala. Huwa tunaomba kabla rubani hajapanda, lakini siku hiyo machela ilichelewa na mawingu yalikuwa yanapanda bondeni. Kapteni akaingia, akaanza kukagua kwa kusoma kadi yake kwa sauti, kidole kwenye mstari. Mimi nikasimama dirishani nikamwambia, "Kapteni, tuombe kwanza."

Akasema, "Fupi, mzee wangu."

Haikuwa fupi. Niliomba mpaka nikalia. Alikuwa amevua kofia, amefumba macho, kadi imeanguka mapajani. Baada ya amina akatazama mawingu, akasema, "Haya, sogea," akawasha injini.

Kila siku husema "usukani huru", anauvuta na kuusukuma, nami naona kibao cha mkia kikipanda na kushuka, ndipo namwinulia dole gumba. Siku hiyo mkia haukucheza. Nilikuwa nafuta machozi. Dole gumba nilimwinulia hivyo hivyo.

Saa mbili kasoro dakika tano ndege ilishika mbio za kuruka, ikiteremka mteremko wa uwanja wetu. Pua haikuinuka. Nikapiga kelele, "Inua! Jamani, inua!" Ikapita mwisho wa uwanja, ikaangukia kwenye shamba la mibuni. Sijui niliteremkaje. Rosina alikuwa amekwisha kufa, mtoto bado anacheza tumboni. Nilimshika tumbo, likatulia. Mpaka sasa mikono yangu haijaamini.

Kapteni alikuwa amevunjika miguu yote miwili. Alisema, "Pini, mzee. Pini." Nikatazama. Pini inayofunga usukani ndege ikiwa imeegeshwa ilikuwa bado imo. Kitambaa chake chekundu, cha kumkumbusha rubani aitoe, kilikatika zamani.

Jana shemeji yangu Inapero aliniambia, "Shemeji, la sala usilitaje. Sema rubani alikuwa na haraka zake, afungwe." Nikamwambia ng'o! Haraka hakuwa nayo. Mimi ndiye niliyemkatiza, na mimi ndiye niliyefiwa. Sitamzika mke wangu kwa uongo.

Nimesomewa maneno haya, ni yangu yote, sipunguzi.

(Sahihi) S. Orake

Maelezo ya afisa: Nilimweleza shahidi kwamba halazimiki kusema lolote la kumtia hatiani. Alikataa kifungu chochote kifutwe. Maelezo ya rubani nilikuwa nimeyachukua jana wodini. Anasema alisahau pini mwenyewe, kwa uzembe wake. Nilimuuliza mara mbili kama kuna mtu aliyemkatiza akikagua. Mara zote mbili alijibu, "Hakuna."

Sajini P. Kerowa