Hedfoni na Kikombe cha Bati

Jumatatu, 19 Agosti

Idi, mume wangu,

Sare za shule zimebaki ishirini. Kola ndizo zinazonichosha. Mashine ya kusaga ya Papa Samweli inanguruma tangu asubuhi. Hukuijua mashine hii. Aliifunga kwenye nyumba ya jirani mwezi mmoja baada ya sisi kukuzika, na ukuta wetu unatetemeka mchana kutwa. Ujumbe wako wa sauti, zile sauti kumi na saba zilizo kwenye simu yangu, sizisikii tena nikiwa kazini.

Leo nimenunua hedfoni sokoni. Za kufunika masikio, bila waya, zenye kitufe cha kuzuia kelele. Za bei ya chini. Muuzaji anasema hazina tofauti na za ghali. Sikumwamini. Nimenunua hata hivyo.

Jumanne, 20 Agosti

Nilibonyeza kitufe, mashine ikaisha. Si kupungua. Ikaisha. Masikio yakajaa hewa, kama gari likishuka milima ya Kanama. Kisha wewe: "Bon, Zaina, niko Bugeshi, tunapakia viazi." Na kitu ambacho sikuwahi kukisikia: taa ya ishara ya lori ikilia tik, tik, nyuma yako. Nililia juu ya kola ya mtoto wa watu.

Ubaya wake. Muziki unavuma kama pipa, lakini sauti ya mtu inatoka nyembamba. Zinabana juu ya ushungi. Ila chaji inakaa siku nzima.

Jumatano, 21 Agosti

Mama yako hazipendi. Vumbi la kiangazi na unga wa jirani vimemwamshia pumu. Amelala chumba cha nyuma, hawezi kuita kwa nguvu. Tulikubaliana akinihitaji agonge ukuta kwa kikombe cha bati.

"Zaina, hiyo kitu imekuziba. Nikigonga utasikia?"

Nikasema tujaribu. Nikavaa, nikabonyeza kitufe, nikakaa kwenye cherehani. Akagonga. Ko, ko, ko. Wazi kuliko zamani, maana ngurumo ya mashine haikuwepo. Nilirudi chumbani nikicheka.

"Umeona, Mama?"

"Mi naona. Masikio ni yako."

Alhamisi, 22 Agosti

Zimebaki sare kumi na mbili. Mama anakohoa zaidi. Pampu yake ya dawa nimeiweka kando ya mto.

Nimekusikiliza mara mbili, zote kumi na saba. Unakohoa kidogo kabla ya kusema uongo. "Nimekula tayari." Hukuwa umekula. Miaka yote ile sikugundua.

Ijumaa, 23 Agosti



Mchana umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza. Mimi sikujua. Kwangu ilikuwa kimya tangu asubuhi, na cherehani yangu ni ya miguu. Nilikuwa nimeongeza sauti, kwa sababu kuna ujumbe mmoja unaongea kwa sauti ya chini, abiria wako amelala. Papa Samweli, katika ule ukimya wa ghafla, akasikia kikombe. Yeye, nyumba ya pili. Mimi nilikuwa hatua sita.

Mkono wenye unga ukanivua hedfoni.

"We Zaina! Mama anagonga, anagonga! We unasikiliza nani?"

Pampu ilikuwa imeanguka chini ya kitanda. Midomo ya Mama ya kijivu. Kikombe bado mkononi, kimebonyea ukingo. Papa Samweli alimbeba mpaka kwenye gari lake, akimwambia pole, mama, pole. Hospitali wamemwekea oksijeni. Hawajaniambia kama atapona.

Nimeelewa sasa kosa langu. Siku ile tulipojaribu, hakuna ujumbe uliokuwa unacheza masikioni. Nilijaribu kitufe peke yake. Sikujaribu nikiwa na wewe.

Jumamosi, 24 Agosti

Bado oksijeni. Nimekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Majirani wameleta uji. Hakuna aliyenilaumu, na hilo linaniuma zaidi.

Nina hasira na wewe, Idi. Halafu na mimi mwenyewe. Akifa, atakuwa amekufa akigonga, huku nikisikiliza maneno ya maharage na viazi ambayo nayajua kwa moyo. Sina mama mwingine.

Hedfoni nilizifukia chini ya vitambaa kabla ya kutoka nyumbani.

Jumapili, 25 Agosti

Wamemtoa oksijeni. Ameomba chai. Nilitoka nje nikakaa chini.

Jumatano, 28 Agosti

Mama yuko nyumbani. Cherehani nimeihamishia chumbani kwake, miguu yangu karibu inagusa kitanda. Papa Samweli ametundika turubai upande wetu kuzuia unga.

Asubuhi Mama akasema: "Leta ile kitu yako. Nipe Idi."

Tangu uondoke hakuwahi kutaka kukusikia. Nilimvika polepole. Alisikiliza ujumbe mmoja, macho wazi, akazivua.

"Idi iko na sauti nzito, kama baba yake. Hii kitu inamufanya katoto."

"Ni za bei ya chini, Mama."

"Lakini kukohoa ni kwake. Muongo ule."

Tulicheka mpaka nikaogopa pumzi zake.

Baadaye akauliza kama simu inaweza kuchukua na sauti yake. Nilitaka kwenda kumwomba Papa Samweli asimamishe mashine kidogo. Akakataa. Wacha kelele yake ingie, akasema, na yeye ni mutu wetu. Nikaisogeza simu mdomoni pake. Alivuta pumzi mara mbili.

"Mi Hawa, mama ya Idi. Niko hapa na Zaina, anashona. Munikumbuke."