Minapakala rangi, na bibi yangu eko Kanyabayonga

Butembo, mwezi wa sita 2001

Mama Solange mupendwa, naomba unisaidie, mimi ni Malachie wa hapa Butembo, ku quartier Furu, kazi yangu ni chauffeur, na minakuandikia juu kila siku ya tano wakati unajibu batu ku radio niko peke yangu mu nyumba, na minajiambia labda mutu mwenye anasemaka na batu bote vile ataniambia na mimi neno moja, juu kuna siku inapita na sisemi na mutu hata mumoja, isipokuwa mbuzi ya jirani.

Mambo yenyewe ni hivi. Bibi yangu Godelive alienda Kanyabayonga mwaka jana, kwa baba yake wakati mama yake aligonjwa, alikuwa na mimba yetu ya kwanza, ya miezi tano, na mimi sikuweza kumupeleka juu pick-up yangu ilikuwa imefunguliwa moteur, donc nilimupandisha mu camion ya batu ba maharagi na nikamuambia pale ku parking, mbele ya batu bote, "Unaenda na motokari ya batu, lakini kurudi nitakuja kukutwaa na yetu, utakaa mbele sawa mama mukubwa." Alicheka. Kiisha wiki kidogo vita ikakata barabara, askari ba huku na askari ba kule bakaweka barrière zao, ma camion ikaacha kupita, na mpaka leo Godelive eko kule na mimi niko huku.

Mutoto alizaliwa kule. Habari nilipata kwa Mama Orpa, ule mama mwenye anauzishaka chumvi, anatembeaka na miguu na ba mama benzake mpaka kule na kurudi, alisimama ku mulango akasema tu, "Masika anakusalimia," na sisi Banande tunajua bote, mutoto wa kwanza akiwa binti ni Masika, donc hakukuwa lazima aongeze kitu, nilikaa chini palepale nikalia. Lakini hapa ku avenue bangali bananiita Malachie, hakuna mwenye aliona mutoto, na mimi mwenyewe sijui anafanana na nani.

Sasa motokari. Nilijiambia nitaitengeneza yote ikuwe sawa mupya siku barabara itafunguka, na nimeitengeneza, moteur, freins, viti, yote iko muzuri, inabakia kitu moja tu, ile tôle, bati ya kukinga moto, yenye inafunika fasi moshi ya moteur inatokeaka, juu moto isiunguze nyuzi za umeme. Kutu ilikuwa imeikula mpaka matundu. Niliitosha, nikaisugua na brosse ya chuma, nikaipondaponda na marteau juu ya mbao mpaka ikanyooka, fasi ya boulon ilikuwa imepanuka sana nikaweka rondelle, kale kachuma ka muviringo, nikaipakala rangi ya mabati, na wakati moteur ilipata moto rangi ikanuka mbaya na ikatoka yote sawa ngozi ya kiazi yenye kuchemuka. Nikasugua tena. Nikaenda mpaka Beni kwa Jamali, mwenye anauzishaka bitu bya motokari, akanipatia rangi ya fedha yenye inavumiliaka moto, nikaipakala nzito juu ishike vizuri, ikafanya mapovu. Nikasugua tena. Mara ya tatu nikaipakala nyepesi nyepesi, nikaikausha ku mbabula yenye Godelive alikuwa anapikia sombe, siku ile nilikula bugali yenye kunuka rangi na hakukuwa mutu wa kunigombeza, na rangi ikashika, lakini niliona kamulistari kadogo ku pembeni, hata kucha haiingie, basi nikasugua yote tena mpaka ku chuma, juu sipendi bibi yangu akae mu kitu yenye haijamalizika.

Na sasa Mama Orpa amerudi na neno ya Godelive. Anasema baba yake anataka kubapeleka Goma, kwa kaka yake mukubwa, kiisha mavuno ya mahindi, juu Kanyabayonga hakuna usalama, na bakishafika Goma sijui tena nani ataniletea salamu. Godelive alisema hivi: "Umuambie Masika ameanza kutembea. Kama angali ananitaka, akuje yeye mwenyewe. Kama hapana, aniambie, nisimungojee." Tangu siku ile sipate usingizi, chakula haishuke, minapikaka chungu ya batu wawili juu mukono haijazoea kupima ya mumoja, na yenye inabakia minapatia mbuzi.

Mama, niko na huzuni sana. Unishauri basi, ni rangi gani inashikaka kabisa ku moto, na unafikiri nimutumie Godelive neno anivumilie tu kidogo, mpaka tôle imalizike na barabara ifunguke?

Ni mimi Malachie, Furu.

JIBU YA MAMA SOLANGE

Baba Masika. Minakuita vile juu njo jina yako, hata kama avenue yako yote haijajua.

Pole, ndugu yangu, pole sana. Kupika chungu ya batu wawili na kugawa na mbuzi, ile ni maumivu, na mutu asikucheke. Lakini kaa sawa, juu umelalamika hakuna mutu wa kukugombeza, na leo mimi nitakugombeza.

Umeniuliza mambo ya rangi. Mimi sijui rangi. Nilienda kwa jirani yangu Kamate, fundi wa ma camion, nikamusomea kipande ya barua yako bila kutaja jina. Anasema chuma isuguliwe mpaka ing'are, upanguse mafuta ya vidole, rangi ikuwe nyepesi, moteur iwake kidogo izimwe, iwake tena izimwe, basi imeisha. Ni kusema, mambo yenye ulishafanya. Kiisha akaniuliza, "Mais ile tôle iko ndani, chini ya capot. Nani ataiona?"

Nikarudi nyumbani nikasoma barua yako tena polepole. Umeandika wewe mwenyewe kama mara ya tatu rangi ilishika. Ilishika, Baba Masika. Motokari ilimalizika siku ile. Na wewe ukatwaa brosse ukasugua yote mpaka ku chuma, juu ya mulistari yenye hata kucha haiingie. Mutu mwenye anataka kwenda hafanyake vile. Wewe unaogopa siku kazi itaisha, juu siku ile hautakuwa tena na sababu ya kubakia Furu.

Unaogopa nini? Kama ni barrière, ile woga ni ya akili, hata mimi niko nayo. Lakini Mama Orpa anapita na mugongo yake imebeba chumvi, na baalimu banapita, na bazee banapita. Mimi minafikiri unaogopa zaidi kufika mbele ya baba mukwe na miguu ya matope, wewe mwenye ulisema pale ku parking, batu bote banasikia, kama utakuja na motokari. Neno ile njo imekufunga. Basi minakufungua, na mimi mbele ya batu bote, juu radio hii inasikika mpaka Lubero: motokari ya Baba Masika haiende Kanyabayonga. Hata ungeipakala dhahabu, askari ba barrière ya kwanza bangeitwaa, na ungerudi na miguu, bila motokari na bila bibi. Kila chauffeur wa Butembo anajua ile, na wewe pia unaijua.

Godelive mwenyewe hakuomba motokari. Alisema ukuje wewe.

Sasa usikilize vizuri. Leo, kabla jua halijaingia, enda kwa Mama Orpa umuulize ni siku gani banatoka tena. Uende nabo, katikati yabo, na umubebee chumvi, juu umekuwa unakaa na mikono yenye nguvu hapo ku avenue wakati ule mama anakutumikia bure. Hapana kwenda peke yako. Hapana kuvaa nguo yenye inafanana na ya askari. Ku barrière hapana kuongea mingi, uache ba mama baongee, bo banajua ile kazi. Na kama banasema barabara ni mbaya siku ile, unatii, munarudi bote. Ile tôle uifunge ku moteur vile iko, bila rangi, uache ufunguo kwa jirani wa mbuzi, na usirudie kuiangalia.

Ukifika, hapana kueleza mambo ya brosse na ya rangi, hakuna mutu kule mwenye anataka kuisikia. Sema, "Nimechelewa, munisamehe," kiisha unyamaze, hata kama baba mukwe anakukemea mpaka mangaribi, juu ana haki. Kama Godelive anakubali kurudi na miguu pamoja na ba mama, murudi. Kama anaogopa juu ya mutoto, hapana kumulazimisha, muende bote batatu Goma, ukatafute kazi kule. Nyumba ya Furu haikukumbate, umeishaona. Lakini mukae pamoja, huku ao kule.

Na neno ya mwisho, nikutayarishe. Masika atalia akikuona. Kwake wewe ni mugeni tu mwenye ndevu na matope, atajificha mu kikwembe ya mama yake, na roho yako itauma sana. Hapana kumukamata na nguvu. Kaa chini, umuache akuangalie, hata siku nzima, mpaka akuje yeye mwenyewe. Kungojea umekwisha kujifunza, na pale njo itakutumikia.