Arobaini wa Msikiti wa Chole

Jumatano, 5 Mfunguo Pili 1330

Mvua ya vuli tangu alfajiri. Msikiti unavuja pale pale, juu ya safu ya pili. Nimesogeza jamvi, nimetega sufuria ya Zuhura. Mke wangu ataiulizia, najua. Feruzi, mzalia wetu, mtumwa aliyezaliwa humu nyumbani, alipanda darini juzi kuziba kwa chokaa. Chokaa haikuwahi kukauka. Atapanda tena.

Wafungwa wa boma wamepita na meza kichwani, kwenda pwani. Jana meza, juzi meza. Sikujua Mdachi mmoja anakalia meza nyingi hivyo. Serikali inahamia Kilindoni, upande wa pili wa Mafia. Wanasema meli zao haziwezi kukaribia Chole, maji haba. Maji haya haya yaliyomleta babu yangu kutoka Maskati na mizigo yake yote.

Sina raha.

Ijumaa, 7 Mfunguo Pili

Nimepanda mimbari, na kabla ya kusema neno nimehesabu vichwa. Khatibu hapaswi kufanya hivyo. Nimefanya. Arobaini na sita.

Babu alikuwa Ibadhi. Baba akasali na watu wa hapa. Mimi ni Shafii, na kwetu Ijumaa haiswihi chini ya wanaume arobaini. Watu wazima, waungwana, wakazi wa mji huo huo. Mgeni hahesabiwi. Mtumwa hahesabiwi. Wakipungua, hakuna khutba. Mnasali adhuhuri kama siku yoyote, kila mtu anakwenda zake. Mji usio na Ijumaa ni shamba tu.

Mwaka jana tulibanana hadi barazani.

Baada ya sala Feruzi alikuwa na makubadhi yangu mkononi, pale mlangoni anapokaa siku zote. "Khutba njema, bwana." Husema hivyo kila Ijumaa. Leo imeniudhi. Haikuwa njema hata kidogo. Zuhura aliisikia dirishani, maana nyumba yetu imepakana na msikiti, na wakati wa chakula akaniambia nilirudia aya moja mara mbili. Nikamwambia apakue wali.

Jumapili, 9 Mfunguo Pili

Banyani wa dukani amefunga. Ameshusha mizani yake, ameikunja ndani ya kanga, ameibeba mwenyewe kifuani hadi mashuani. Watoto walimfuata wakidhani atawatupia sukari guru. Hakutupa.

Barabara ya sokoni imekuwa pana. Si kwamba imepanuliwa. Hakuna watu.

Shemeji yangu Hemedi, ndugu wa Zuhura, anang'oa mlango wa nyumba yake. Mlango wa nakshi, aliouchonga fundi wa hapa hapa. Nimesimama kumtazama. Akaniita nimsaidie kushika upande mmoja. Nikashika. Sijui kwa nini nilishika. Boriti nazo atazitoa, makuti atawaachia mbuzi. Anasema Kilindoni viwanja vinagawiwa na anayetangulia anachagua.

"Wewe baki na popo," akaniambia, anacheka. Popo wapo, kweli. Mti mzima mweusi kwa popo, kelele kutwa. Wao hawajaambiwa kuhama.

Jumanne, 11 Mfunguo Pili

Nimevuka kwenda Juani kuangalia minazi yetu. Nilipomaliza, badala ya kurudi, miguu ikanipeleka Kua.

Bibi yangu alikuwa akisimulia Kua kama mtu anayesimulia harusi yake. Nyumba za ghorofa, waungwana wenye kiburi, misikiti kadhaa. Kisha Wasakalava wakaja kwa mitumbwi kutoka Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini, wakaua, wakachukua watu, wakaondoka. Waliosalia hawakurudi kujenga. Na kabla ya Kua kulikuwa na Kisimani, huko rasi ya magharibi. Huo mji ulimezwa na bahari. Ukienda maji yakiwa yametoka utaokota vigae vya sahani zao.

Msikiti wa Kua una mihrabu bado. Mzizi wa mti umeshuka ndani yake, mnene kuliko paja langu. Nilisimama mbele ya mihrabu nikajiuliza nani aliyesoma khutba ya mwisho humu, na kama alijua kuwa ni ya mwisho. Nikaona baridi, jua likiwa kali.

Kisimani ilihitaji bahari nzima. Kua ilihitaji jeshi. Chole tumevunjwa na tangazo moja lililobandikwa mlangoni pa boma. Naona aibu hata kuiandika.

Ijumaa, 14 Mfunguo Pili

Arobaini na mmoja.

Nimesoma khutba fupi. Nilikuwa nahofia mtu asije akafia katikati.

Jumatatu, 17 Mfunguo Pili

Hemedi ameondoka na mwanawe mkubwa. Wamevuka hadi Utende, kutoka hapo ni miguu hadi Kilindoni. Zuhura alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nafanya hesabu. Arobaini na mmoja, toa wawili.

Thelathini na tisa siku zile za baba zilikuwa safu moja na nusu tu. Sasa hao wawili wameuangusha mji.

Alasiri nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimemkumbuka Mzee Kombo, yule aliyepooza miguu. Kumbe nilikuwa nimeshamhesabu, wanawe humbeba. Nimemwendea mvuvi mmoja wa Jibondo anayekaa hapa miezi mitatu mitatu. Nikamwuliza, makazi yako wapi? "Jibondo, sheikh." Nikamwomba afikiri vizuri. Akafikiri. "Jibondo." Nimerudi nyumbani nimechoka mifupa.

Watu wawili wameniambia wako wanazuoni wanaosema hata kumi na wawili watosha. Najua wako. Mwalimu wangu hakuwa mmoja wao, na mimi siwezi kubadili madhehebu kwa sababu Hemedi ametaka kiwanja.

Jumatano, 19 Mfunguo Pili

Sijala. Zuhura aliweka sahani, akaiondoa, akaiweka tena.

Kisha akasema, mgongo amenipa, anachambua mchele: "Na Feruzi?"

Feruzi nini?

"Feruzi si mwanamume? Si mtu mzima? Hakuzaliwa Chole?"

Nikasema Feruzi si mwungwana. Akasema, "Hilo liko mikononi mwako, si mwa Mdachi." Akaendelea kuchambua mchele.

Nimekaa barazani hadi magharibi. Miaka yote namwona pale mlangoni, na kichwa chake sikukihesabu hata mara moja. Jicho lilikuwa linaruka lenyewe. Feruzi na mimi tumelingana umri. Mama yake alininyonyesha mimi kwanza, kisha yeye. Hupanda minazi yetu, huchoma chokaa yetu, huziba dari ya msikiti. Anaijua Fatiha kuliko nusu ya wale niliowahesabu.

Nimepata mtu wa arobaini. Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

Alhamisi, 20 Mfunguo Pili

Nimemwita Feruzi baada ya sala ya asubuhi, mbele ya mashahidi wawili. Nikamshika mkono. Nikasema: nimekuacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Alikuwa na ndoo ya chokaa mkono wa pili. Hakuitua.

"Sema tena, bwana."

Nikasema tena. Akaitua ndoo, akaketi chini, pale pale kwenye tope. Mashahidi wakampa mkono. Nilitaraji atalia, au atanibusu mkono. Alitazama tu ndoo.

Nilipomweleza Zuhura akauliza, "Kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya hesabu?" Mwanamke huyu hana adabu.

Ijumaa, 21 Mfunguo Pili

Arobaini!

Feruzi alikuja amevaa kanzu yangu ya zamani, Zuhura kampa. Akaenda kuketi mlangoni kwa mazoea. Nikamwashiria kutoka mimbarini asogee. Watu wakageuka. Nafasi ilikuwa safu ya pili, chini ya panapovuja. Akaketi pale. Mvua ikaanza, sufuria ikawa inalia ti, ti, na matone mengine yanamwangukia begani. Hakusogea. Alinikazia macho khutba nzima. Nikashindwa kujua anatazama nini.

Nimesoma kama zamani. Sauti imetoka yote. Nimewaambia mji si meza wala boma, mji ni safu za watu. Mzee Kombo alilia. Nami nikaamini.

Mlangoni nilisubiri lile neno lake. Akanipa mkono. "Asante, Sheikh Nasoro." Si bwana. Na wala hakusema khutba njema.

Makubadhi nilijiokotea.

Jumamosi, 22 Mfunguo Pili

Feruzi amekwenda.

Alikuja asubuhi, mkeka chini ya kwapa. Akabisha hodi mlango wa mbele. Hajawahi kupita mlango wa mbele.

"Nimekuja kuaga. Naenda Kilindoni. Nataka kujenga nyumba."

"Nani kakuruhusu?"

Swali lilinitoka. Nililisikia likitoka, nisiweze kulikamata. Feruzi akatabasamu kidogo, wala si kwa ubaya.

"Ulisema mara mbili, Sheikh."

Nikamwambia hapa kuna nyumba tupu ngapi, achague yoyote, hata ya Hemedi, nitamtilia mlango. Nikamwambia aondoke baada ya Idi. Nikamwambia habari ya arobaini, kila kitu, nikimshika kanzu, ambayo ni kanzu yangu. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema nyumba hizo ni za watu, yeye anataka yake. Akamwamkia Zuhura, shikamoo, na Zuhura akaitikia marahaba kwa sauti iliyopasuka. Kisha Zuhura akatoka akaenda msikitini, akarudi na ile sufuria, akampa Feruzi. Achukue, akapikie.

Sufuria ya uvujaji!

Nimemwuliza Zuhura kwa nini. Akasema, "Ndiyo nzima pekee."

Nina hasira na kila mtu. Na Mdachi, na Hemedi, na Zuhura, na ulimi wangu. Ningeweza kuweka sharti. Ningesema, uko huru ukikaa Chole. Sikufikiri. Mtu hufikirije kwamba mtu wako atakwenda? Nimefungua mlango wa zizi ili nihesabu vizuri. Nimeandika neno zizi, na sasa nalitazama.

Ijumaa, 28 Mfunguo Pili

Thelathini na tisa.

Nimeadhini. Wamekuja. Wamekaa wakisubiri nipande. Sikupanda. Nimesimama chini nikasema tunasali adhuhuri, rakaa nne. Fundi wa mashua akanung'unika, wale wa kumi na wawili wakanung'unika. Mzee Kombo akasema, "Lakini tupo, Nasoro. Si unatuona tupo?" Nikasema nawaona.

Tumesali nne. Watu wametoka, kila mmoja njia yake. Hakuna aliyebaki barazani kuzungumza.

Nimekata tamaa. Naiandika ilivyo.

Jumatatu, 1 Mfunguo Tatu

Hemedi amekuja kumalizia boriti zake. Amenona. Ana habari nyingi: barabara inanyooshwa, kuna msikiti wa makuti, Ijumaa hii iliyopita wamesali Ijumaa yao ya kwanza. Ile ya kabla yake walishindwa, walikuwa thelathini na tisa. Alipofika Feruzi wakatimia.

Alinieleza kama habari njema. Hemedi hajui. Nikamwambia Mungu awatakabalie.

Akasema wanataka khatibu, waliye naye anababaika. Njoo. Nikasema baba na babu wamelala hapa. Akasema basi. Zuhura alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Feruzi kaniletea salamu. Salamu tu.

Ijumaa, 5 Mfunguo Tatu

Mvua. Tumesali adhuhuri, rakaa nne. Wamekuja ishirini na wachache. Sikuhesabu sawasawa.

Walipoondoka, jamvi la safu ya pili lilikuwa limelowa. Nimelikunja. Panapovuja sasa ni pakubwa, maji yanashuka hadi karibu na mihrabu. Nikatafuta pakavu pa kukaa nisome Yasini. Palipobaki pakavu ni mlangoni, pale pa Feruzi. Jamvi lake limechakaa mahali pa magoti mawili na pa kipaji cha uso.

Nimeketi hapo. Nikainua macho kuelekea mimbari, na mimbari sikuiona. Nguzo imeziba. Nikaegemea kushoto, nikaegemea kulia. Nguzo tu. Kutoka hapo mtu anasikia sauti, basi. Anachoweza kuona ni mlango, na pwani, na mashua zinazokwenda Utende.

Nimesoma Yasini yote. Nilipofika nyumbani Zuhura alikuwa amepakua. Hakuwa na khutba ya kunikosoa. Tumekula.